Paramediki katika zimamoto ya Kampala: wachache, wenye msingi, chini ya daktari

Kampala, zimamoto ni polisi. Anayeshika mpira wa maji soko la Owino linapowaka ni askari wa Kurugenzi ya Kuzuia Moto na Uokoaji ndani ya Jeshi la Polisi la Uganda. Ana namba ya jeshi, ana cheo, na kesho anaweza kupewa barua ya uhamisho kwenda Moroto. Hilo lazima liwe kichwani tangu mwanzo tunapojadili kuvipandisha vikosi vya zimamoto vya jiji kutoka huduma ya kwanza hadi kiwango cha paramediki, kwa sababu mipango mingi inayoazimwa ng'ambo iliandikwa kwa miji ambayo zimamoto yake ni idara ya manispaa na haina silaha wala mahabusu.

Jibu langu ni ndiyo, tuvipandishe. Ila wawe wachache, waje baada ya msingi kukamilika, na katika mambo ya mgonjwa wawajibike kwa daktari.

Kwanza tuelewane kuhusu viwango. Mhudumu wa ngazi ya msingi hufungua njia ya hewa, hutoa oksijeni, hupumulisha kwa ambu (mfuko wa kuminya wenye barakoa), huzuia damu, hufunga mfupa uliovunjika, humpokea mtoto aliyezaliwa salama, na hutumia mashine ya kushtua moyo inayojisomea yenyewe mapigo. Marekani kozi hiyo huchukua takriban saa 150 hadi 190. Paramediki hufanya hayo yote, kisha huweka dripu, hutoa dawa za mshipani, husoma mchoro wa moyo wa waya 12, huingiza mrija wa hewa, na hutoboa kifua kilichojaa hewa kwa sindano. Kwake saa ni 1,200 na kuendelea. Seattle, ambako mkuu wa zimamoto Gordon Vickery na daktari wa moyo Leonard Cobb walianzisha mpango wao mwaka 1970, mafunzo huzidi saa 2,000, sehemu kubwa ikiwa wodini, chumba cha upasuaji na ndani ya gari.

Wengi wanaoitaja Seattle huzungumzia hao paramediki na kuusahau mpangilio wao. Kule gari la kwanza kufika ni gari la moto la kituo cha karibu, lenye wazima moto wa kiwango cha msingi, ambao huanza kukandamiza kifua na kushtua moyo papo hapo. Paramediki huja nyuma yao kwa magari machache, na kwa kuwa ni wachache, kila mmoja hukutana na wagonjwa mahututi mara nyingi vya kutosha mkono wake usisahau. Ukimweka paramediki kwenye kila gari la moto, kila mmoja ataingiza mrija mara moja au mbili kwa mwaka, na hapo hatari ya mrija kuingia tumboni badala ya mapafuni inakuwa kubwa kuliko faida yake.

Kuna ushahidi wa takwimu ambao kila anayeandika bajeti ya paramediki angepaswa kuusoma kabla ya kuagiza gari. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipima lilichopata lilipoongeza huduma za juu juu ya mfumo wa msingi uliokuwa tayari unafanya kazi vizuri. Kwa watu 5,638 waliosimama moyo nje ya hospitali, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa waliopona walikuwa asilimia 5.0 kabla na asilimia 5.1 baada. Kwa majeruhi wakubwa, matokeo ya mwaka 2008 hayakuonyesha nafuu, na kwa waliopoteza fahamu kabisa hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani waliopona walishuka kutoka asilimia 60.0 hadi 50.9. Lakini kwa wagonjwa wa shida ya kupumua vifo vilishuka kutoka asilimia 14.3 hadi 12.4, na huo ni uhai wa watu wengi, maana wagonjwa wa kupumua ni wengi.

Majeruhi wa boda aliyepasuka wengu anahitaji kisu cha daktari wa upasuaji. Kila dakika paramediki anayotumia kando ya barabara kutafuta mshipa ni dakika anayoendelea kuvuja damu kwa ndani. Dripu iwekwe gari likitembea. Mwenye pumu iliyokaza, mtoto mwenye degedege, mama mwenye kifafa cha mimba na mtu aliyenasa chini ya zege ni tofauti: kwao dawa ikifika mapema, matokeo hubadilika. Hao ndio sababu ya kuwa na paramediki Kampala.

Msingi kwanza

Kabla ya paramediki wa kwanza kuapishwa, kila askari wa zimamoto wa jiji, dereva akiwemo, apite kozi ya saa 40 hadi 60 yenye mambo machache yanayofanywa kwa mikono mpaka yazoeleke. Kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kukandamiza 30 kwa pumzi 2. Kupumulisha kwa ambu kwa watu wawili, mmoja akiziba barakoa kwa mikono yote miwili na mwingine akiminya mfuko. Mtu mmoja peke yake huvujisha hewa karibu kila mara. Kufunga mkanda wa kuzuia damu kwenye mkono au mguu, si juu ya jeraha lenyewe bali upande wa kuelekea kiwiliwili, kuukaza mpaka damu isimame kabisa, na kuandika saa. Kosa la kawaida ni kuukaza nusu nusu: ukibana vena na kuiacha ateri wazi, damu huzidi.

Kila gari la moto lipate mashine ya kushtua moyo inayojiendesha, ambu tatu (mtu mzima, mtoto, mchanga), mashine ya kufyonza matapishi, mikanda minne ya damu na mtungi wa oksijeni. Bila kukandamizwa kifua, nafasi ya mtu ambaye moyo wake unatetemeka kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika bila kushtuliwa. Kwa foleni ya Jinja Road saa 12 jioni, paramediki bora wa nchi akichelewa dakika 15 hana cha kuokoa kama hakuna aliyeanza kabla yake.

Hatua hii haina sherehe na hukosa wafadhili kwa sababu haipigi picha nzuri. Ningeitumia mwaka mzima wa kwanza na nusu ya fedha zote.

Ndani ya begi

Orodha ya dawa ya paramediki wa Kampala haipaswi kunakiliwa kutoka Los Angeles. Amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, iwemo, aspirini miligramu 300 ya kutafuna iwemo, lakini zitakazotumika kila siku ni nyingine.

Mtoto mwenye degedege: pima sukari kabla ya kitu kingine chochote, maana malaria kali huishusha. Ikiwa chini, toa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Vituo vingi vina chupa ya asilimia 50 tu. Chukua sehemu moja yake, changanya na sehemu nne za maji ya sindano, utapata asilimia 10. Ile ya asilimia 50 ikiingia hivyohivyo kwenye mshipa mwembamba wa mtoto huuchoma. Sukari ikiwa sawa na degedege linaendelea, diazepamu ya njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo, ambu ikiwa tayari mkononi, kwa kuwa dozi ya pili ndiyo inayozima pumzi.

Mama mwenye kifafa cha mimba: magnesiamu salfeti gramu 4 mshipani, polepole, kwa dakika 5 hadi 20, kisha gramu 5 kila tako. Ampuli huja za asilimia 50. Zile gramu 4 ni mililita 8. Ongeza maji ya sindano mililita 12 upate mililita 20 za asilimia 20. Kuisukuma mshipani bila kuizimua ni kosa linaloua, kwa hiyo kipimo hiki kibandikwe kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko cha begi. Kalsiamu glukoneti gramu 1 ikae pembeni kwenye mfuko uleule, kwa ajili ya mama atakayeanza kupumua taratibu mno.

Damu baada ya kujifungua ina tatizo la joto. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu isimame, hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Gari lililoegeshwa juani mchana huzidi hapo kwa mbali, na dawa iliyoharibika haibadiliki rangi. Unachoma sindano, damu inaendelea, na unadhani mama ameshindwa kuitikia. Ama gari liwe na friji ndogo ya betri yenye kipimajoto kinachosomwa kila zamu, ama lisibebe oksitosini kabisa, litumie vidonge vya misoprostoli, mikrogramu 800 chini ya ulimi. Pamoja nazo asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu kuganda, gramu 1 mshipani kwa dakika 10. Dawa hii ni ya majeruhi wanaovuja damu pia, na sharti lake ni moja: itolewe ndani ya saa 3 tangu damu kuanza kutoka, kwa sababu katika utafiti mkubwa wa mwaka 2010 uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000, waliopewa baada ya hapo walidhurika. Haihitaji friji, haihitaji mashine, na ningeipigania iingie begini kabla ya mrija wa hewa.

Maumivu yasisahaulike. Mtu aliyevunjika paja akibebwa kutoka Kyengera hadi hospitali ya Mulago bila dawa ya maumivu ametendewa ukatili. Ketamini kwa dozi ndogo, miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo, haishushi presha wala haizimi pumzi kirahisi. Wapo watakaosema mtu asiye daktari hawezi kuaminiwa na dawa nzito. Uganda ililijibu swali hilo zamani. Mwaka 2004 kanuni ziliwaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa tiba shufaa kuandika mofini, kazi iliyosukumwa na Hospice Africa Uganda aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, na dunia nzima ikaja kujifunza kwetu. Rukungiri nako, hospitali ya Nyakibale imekuwa ikiwafunza wauguzi kuendesha chumba cha dharura. Kinachotakiwa kwa paramediki ni kilekile: kozi maalumu, kanuni iliyoandikwa, na daftari la kila ampuli lenye saini mbili.

Mrija wa hewa ni wa mwisho kwenye orodha yangu. Hautaingizwa na yeyote bila kapnografia, kile kipimo cha kaboni dioksaidi inayotoka kwenye pumzi, ambacho peke yake ndicho kinachothibitisha kila pumzi kwamba mrija uko mahali pake. Mashine ikiharibika, paramediki atumie kifaa cha kukaa juu ya koo na ambu, na asionekane ameshindwa kazi.

Kuhusu oksijeni, fanyeni hesabu kabla ya kuondoka. Mtungi wa lita 680 ukitoa lita 15 kwa dakika unakwisha kwa dakika 45. Kutoka Mukono jioni ya Ijumaa hautoshi. Mtungi wa lita 1,360 ni dakika 90. Gari libebe mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na ubadilishwe ukibaki robo, usingoje mlio ukatike.

Mahali ambapo zimamoto haina mbadala

Ambulensi yoyote inaweza kubeba mama mjamzito. Kuingia chini ya jengo lililoanguka ni kazi ya waokoaji, na hapo ndipo hoja ya paramediki ndani ya zimamoto inaposimama kwa nguvu kuliko kwingine kote. Agosti 2024 jalala la Kiteezi liliporomokea nyumba za watu. Maghorofa yanayojengwa bila nondo za kutosha huanguka karibu kila mwaka.

Mtu aliyebanwa mguu na zege kwa zaidi ya saa moja anaweza kuongea nawe vizuri, ukanyanyua zege, akafa ndani ya dakika chache. Misuli iliyokufa humwaga potasiamu, ambayo husimamisha moyo mara damu inapopata njia. Kwa hiyo dripu hutangulia jeki. Tumia chumvi ya asilimia 0.9, lita 1 hadi 1.5 kwa saa kwa mtu mzima, ianze kabla ya kunyanyua. Usitumie dripu ya Ringer, ina potasiamu ndani yake. Mashine ya moyo iwe imeunganishwa, kalsiamu iwe imevutwa kwenye sindano. Kamanda wa uokoaji na paramediki wakubaliane kwa sauti: "Dripu inaingia? Kalsiamu iko tayari? Nyanyua." Hili haliwezekani kama paramediki ni mgeni aliyesimama nje ya utepe akingoja mgonjwa aletwe.

Moto vilevile. Mtu aliyetolewa kwenye moshi huweza kuonyesha oksijeni asilimia 99 kwenye kidole huku damu yake imejaa kaboni monoksaidi, kwa sababu kifaa cha kidole hakitofautishi hizo mbili. Mpe oksijeni lita 15 bila kujali namba. Masizi puani na sauti iliyokwaruza ni dalili kwamba koo linavimba, huyo hasubiri. Namungoona, Juni 2013, lori la mafuta lilipoanguka kwenye Northern Bypass na kuwaka, watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli. Kwa majeruhi wa namna hiyo tabia ya kumwaga maji mengi mshipani ina madhara. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30, hata kwa kiwango cha juu cha mililita 4 kwa kilo kwa kila asilimia, anahitaji mililita 7,200 kwa siku. Nusu yake ndani ya saa 8 tangu alipoungua, yaani mililita 450 kwa saa. Kwa safari ya saa moja ni chupa moja, isiyokwisha. Apelekwe hospitali ya Kiruddu, ambako ndiko wodi ya majeraha ya moto ilikohamia. Mama mjamzito apelekwe hospitali ya Kawempe. Kifua kinachouma chenye mchoro mbaya kiende Mulago, ilipo Taasisi ya Moyo. Orodha hii iwe kwenye kadi ndani ya gari, na dereva asiibishanie na ndugu wa mgonjwa njiani.

Watu, zamu na uhamisho

Hesabu ya watu ndiyo huvunja miradi. Mwaka una saa 8,760. Askari anayefanya saa 48 kwa wiki, ukiondoa likizo, magonjwa na mafunzo, hubaki na wiki 44 hivi, sawa na saa 2,112. Kiti kimoja cha paramediki cha usiku na mchana kinahitaji watu wanne na kidogo, kwa hiyo watano. Magari manne ni paramediki 20, na ufunze 25 kwa sababu baadhi watafeli na baadhi wataajiriwa kwingine kabla hawajamaliza mwaka. Ningewaweka kwenye magari madogo na pikipiki zinazopenya foleni, wakutane na ambulensi ya ngazi ya msingi mahali pa tukio. Gari kubwa la kifahari lenye kila mashine hukwama Nakawa sawa na matatu.

Kisha uhamisho. Polisi huhamisha watu, ndiyo desturi yake, na ina sababu zake za kiusalama. Lakini paramediki aliyefunzwa miaka miwili akapangiwa kulinda benki Arua ni hasara tupu. Iundwe kada yake ndani ya jeshi, yenye ngazi ya vyeo kutoka konstebo hadi inspekta na zaidi bila kulazimika kuacha kutibu ili upande, na uhamisho uwe kati ya vituo vya huduma za dharura pekee. Usajili uwe kwa Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi kama ilivyo kwa fani nyingine za afya, ili leseni iweze kufutwa na wanataaluma na isiwe suala la nidhamu ya parade.

Mamlaka nayo yaandikwe. Kwenye tukio, afande wa zimamoto ndiye anayeamua nani aingie, lini, na kwa njia gani. Apewe dawa gani na apelekwe wapi ni uamuzi wa paramediki, kwa maagizo ya kudumu yaliyosainiwa na daktari bingwa wa tiba ya dharura, na daktari huyo au mwenzake awe anapokea simu saa 24. Makerere na Mbarara tayari zinawafunza madaktari hao. Wawili au watatu wakilipwa kwa kazi hii pekee wanatosha kuanza. Daktari wa kujitolea asiyepokea simu usiku ni jina kwenye karatasi.

Lipo jambo linalonisumbua kuliko yote hapa. Mgonjwa anayeona sare ya polisi hufikiria kesi. Msichana aliyetokwa damu baada ya kutoa mimba, kijana aliyepigwa risasi, mwendesha boda asiye na leseni: wote watamficha paramediki jambo analohitaji kulijua ili asiwaue kwa dawa. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ina kazi yake mahakamani, lakini haijazwi na anayetibu wakati anatibu. Rekodi ya mgonjwa ikae kwenye mfumo wa afya, nakala moja ibaki hospitalini, na mpelelezi anayeitaka afuate utaratibu wa kisheria kama angeitaka kutoka Mulago. Paramediki avae vazi la rangi tofauti, lenye alama ya afya mgongoni, na asibebe silaha wala pingu. Bila hili, ningependelea paramediki wabaki Wizara ya Afya, na zimamoto ibaki na msingi imara.

Simu ni sehemu ya matibabu. Polisi hupokea 999 na 112, ambulensi za Wizara ya Afya zina 912. Mpigaji hajui tofauti na hapaswi kuijua. Anayepokea aulize maswali mawili: yuko macho? anapumua kawaida? Yote yakiwa hapana, gari liondoke hapo hapo, na anayepokea abaki kwenye simu: "Weka kiganja katikati ya kifua. Kandamiza kwa nguvu na haraka. Hesabu nami." Sentensi hizo ziwe zimeandikwa tayari kwa Kiswahili, Kiganda, Kinyankole na Kiacholi, maana kutafsiri papo hapo kwa mtu anayelia hupoteza dakika. Anwani Kampala ni steji ya boda, msikiti, kituo cha petroli. Ramani ya chumba cha simu iwe na hizo, kisha mwenye boda atumwe barabarani kulipokea gari.

Kila mwezi daktari na paramediki wakae na karatasi: kila moyo uliosimama, kila mrija, kila ampuli ya ketamini na magnesiamu, pamoja na saa ya simu, saa ya kuondoka, ya kufika, ya kumgusa mgonjwa, na ya kumkabidhi. Kipimo cha kwanza cha kuangalia kiwe muda kati ya simu na mkandamizo wa kwanza wa kifua, na kile cha pili kiwe ni mara ngapi begi lilikutwa na upungufu mwanzoni mwa zamu.